Mlango wa Dawa na Bawabu Wake

Swali tunalotaka kulizungumza safari hii si geni, ingawa jambo lililolizua ni geni. Je, ni haki serikali kusimama baina ya mgonjwa na dawa anayoitaka? Mwili ni wa mgonjwa, maumivu ni yake, na fedha ni zake. Ni nani basi mwenye haki ya kumwambia, "Hii usiinunue"?

Wako wajibuo upesi, "Serikali yajua zaidi, na ifuatwe." Na wako wajibuo upesi vile vile, "Kila mtu na roho yake, aachwe." Sisi twaona kuwa kila upande umesema nusu ya maneno, na katika mambo ya uhai nusu ya maneno yaweza kuua. Yafaa basi tulipime jambo hili taratibu.

Tulikuwa Nairobi kuwazuru jamaa, na mwenyeji wetu akatuchukua Kibera. Wasomaji wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wana ndugu huko, na hawahitaji kuelezwa. Lakini kwa asiyepajua, asili ya Kibera ni makazi ya askari Wanubi, watu Waislamu, waliowekwa pale na serikali ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Leo hapana msitu. Pana vijiji vya mabati vilivyoshikana bega kwa bega, na kimojawapo ni Soweto Mashariki, ambacho baadhi ya watu wake walihamishwa na serikali mwaka 2009 ili pajengwe majumba ya ghorofa.

Katika kijiji hicho tulikutana na mama mmoja mwenye asili ya upande wa Kilifi, fundi wa kushona, mwenye mtoto wa kiume wa miaka 9. Mtoto huyo ana ugonjwa wa siko seli. Mama alituonyesha karatasi aliyopewa na mtu wa zahanati moja ya watu binafsi. Karatasi yasema kuwa kwa sindano za "seli shina" wao huponya siko seli, na kisukari, na kupooza, na uti wa mgongo, na upungufu wa macho. Fedha walizozitaka zilikuwa nyingi hata mama yule alikuwa amekwisha kumtafuta mnunuzi wa cherehani yake. Kisha daktari mmoja akamwambia kuwa tiba ile haina kibali, na kwamba waitoao wanavunja sheria. Mama akachanganyikiwa. Akatuuliza maswali mawili, nasi twayanakili kama alivyoyasema:

"Maalim, ikiwa yaponya, kwa nini wanikataze? Na ikiwa haiponyi, mbona hawanipi ile iponyayo?"

Ndugu msomaji, makala yetu yote ni maswali haya mawili. Wenye elimu wengi hulijibu la kwanza na kulikimbia la pili.

Kwanza tueleze ni kitu gani kinachozungumzwa. Siko seli ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, hugeuka zikawa na umbo la mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Na hapo huja maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba nusu ya urithi huo bila kujijua. Basi kila wanapopata mtoto, pana fungu 1 katika 4 kuwa atazaliwa na ugonjwa wenyewe. Urithi wa nusu humkinga mtu kwa kiasi fulani na malaria, na ndiyo sababu umeenea katika nchi za malaria kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria.

Ama seli shina, hizo ni chembe zilizo mama wa chembe nyingine. Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina zinazozaa damu yote ya mwili. Tangu miaka ya 1960 waganga wameweza kuuchukua uboho wa mtu mzima na kuupandikiza kwa mgonjwa, na kwa njia hiyo wako watoto waliopona siko seli kabisa. Hilo ni kweli wala hapana shaka. Lakini si sindano ya siku moja. Hutafutwa ndugu ambaye damu yake yaafikiana na ya mgonjwa. Kisha uboho wa mgonjwa huuliwa kwa dawa kali, ndipo aingiziwe mpya. Hukaa hospitali muda mrefu, na wako wanaokufa katika matibabu hayo.

Katika kivuli cha kweli hii ndipo uongo unapojificha. Mwenye karatasi yule hakutunga jina lake; alilichukua kwa wanavyuoni na kulibandika juu ya kitu kingine. Wala hapa kwetu si peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, wanawake 3 waliokuwa na maradhi ya macho walilipa dola 5,000 kila mmoja, wakatiwa machoni chembe zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe. Walikwenda wakiona, wakarudi macho yao yameharibika. Khabari yao ilichapishwa na madaktari mwaka 2017. Ikiwa hayo hutokea katika nchi yenye wakaguzi na mahakama kila pembe, mama wa Soweto atajikinga kwa nini?

Na hapa twafika kwenye jawabu la swali la kwanza. Mnunuzi wa samaki humtazama macho na mashavu akajua kama ni wa leo au wa juzi. Mnunuzi wa kitambaa hukiinua kwenye mwanga. Lakini mnunuzi wa dawa hana la kutazama. Chupa ya maji na chupa ya dawa zafanana. Hata akishaitumia hajui, kwani wako wanaopona bila dawa na wako wanaokufa na dawa njema mkononi. Kuijua dawa kwataka wagonjwa wengi wapimwe, wengine wapewe na wengine wasipewe, na hesabu iandikwe kwa uaminifu. Kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja aliye kitandani. Basi lazima awepo bawabu mlangoni amwulizie mgonjwa lile asiloweza kuuliza mwenyewe: Je, ni kweli?

Jambo hili si bidaa iliyoletwa na Wazungu. Mwaka 931 kwa hesabu ya Miladi, mgonjwa mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asiganguze mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Wakatahiniwa watu zaidi ya 860 katika mji mmoja. Yasimuliwa kuwa alikuja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri, akakiri kuwa hakusoma, ila ana watu wanaomtegemea. Sinan hakumfukuza, wala hakumwachia aende atakavyo. Alimruhusu kwa sharti kuwa asimtibu mtu kwa asichokijua, wala asiagize kuumikwa wala dawa kali ya kuendesha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Na mafakihi wetu waliandika zamani kuwa mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, akidhuru, juu yake ni dhamana. Soko la dawa kwa wazee wetu halikuwa uwanja mtupu. Alikuwamo muhtasib akikagua mizani ya muuza unga na mitungi ya muuza dawa pia.

Na sisi katika Kenya tumekwisha kuona bawabu akilala. Mwaka 1990 ilitangazwa kwa shangwe kubwa, Rais mwenyewe akiwapo, kuwa taasisi yetu ya uchunguzi wa maradhi, KEMRI, imepata dawa ya UKIMWI inayoitwa Kemron. Watu walifurahi kuwa Mwafrika ametangulia. Wagonjwa walikuja hata kutoka nchi za mbali. Kisha ilipopimwa katika nchi mbali mbali haikuonekana kuwa na faida iliyodaiwa. Mwaka 1996 ikatangazwa nyingine, Pearl Omega, nayo haikuthibitika. Na mwaka 2011, huko Samunge, Loliondo, katika nchi ya Tanganyika ya zamani, watu kwa maelfu walipanga foleni kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na wako waliotoka hospitali wakaacha dawa zao. Hatusemi kuwa wote waliohusika walikusudia ubaya. Mola ndiye ajuaye nyoyo. Twasema kuwa tumaini bila mizani humfanya mtu mwema na mtu mlaghai wafanane.

Atasema msemaji: "Lakini mgonjwa ana khiari yake. Mnamnyang'anya khiari." Twajibu: khiari husimama juu ya kujua. Aliyeuziwa ng'ombe mwenye kilema kilichofichwa, sheria humrudishia haki yake, wala haimwambii, "Ulitaka mwenyewe." Khiari ya aliyedanganywa si khiari. Atasema tena: "Je, mtu anayekufa? Huyo apoteza nini?" Twajibu kuwa apoteza mengi. Hupoteza siku zake zilizobaki. Huwapotezea watoto wake nyumba na cherehani. Na khasa huipoteza dawa ndogo ya kweli aliyokuwa nayo, kwa kuifukuzia kubwa ya uongo.

Yuko pia asemaye kuwa mlango uachwe nusu wazi: dawa iruhusiwe kwa muda, kisha ipimwe huku yauzwa. Nchi ya Ujapani ilifuata njia hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikaruhusu kwa sharti tiba moja ya moyo iliyotengenezwa kwa chembe za misuli ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2024 wakaguzi wao walisema kuwa faida yake haikuthibitika, na tiba ikaondolewa. Miaka karibu 9! Hatuwalaumu Wajapani kwa kujaribu, maana waliandika hesabu yao waziwazi na kuikubali ilipowakataa. Lakini twauliza: gharama ya shaka ile ilikuwa juu ya nani? Ikiwa muuzaji auza shaka, haifai mgonjwa ndiye ailipie kana kwamba ni yakini.

Basi jawabu letu la swali la kwanza ni hili: Ni haki kukataza, pale bawabu anapokataza kwa sababu ya uongo au ya kutojulikana.

Lakini hatukufika mwisho, kwani bawabu naye ni mwanadamu, na yaweza kutokea akaulinda mlango kwa ajili ya mtu mwengine asiyekuwa mgonjwa. Hilo pia limetokea kwetu, na wenye kulihisi zaidi walikuwa watu kama hao wa Soweto.

Dawa za kweli za UKIMWI zilipopatikana, bei yake ilipita dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kiwanda kimoja cha Bara Hindi, Cipla, kilijitolea kuziuza kwa dola 350, dawa zile zile kwa jina jengine. Mwaka huo huo Bunge la Kenya likapitisha sheria ya mali ya ubunifu iliyofungua njia ya kuingiza dawa rahisi. Katika Kibera madaktari wa MSF waliwatibu watu kwa dawa hizo miaka mingi, mpaka wakaikabidhi zahanati yao ya Kibera Kusini kwa serikali ya kaunti mwaka 2017. Watu waliokuwa wakichukuliwa kwa jeneza walirudi sokoni kuuza mboga.

Kisha mwaka 2008 ikaja sheria nyingine, ya kupiga vita bidhaa bandia. Nia ya kupiga vita bidhaa bandia ni njema. Ni nani atakaye bandia? Lakini maneno yake yalipanuliwa hata yakaweza kuingiza dawa zote zilizotengenezwa na asiyekuwa mwenye hati ya ubunifu, ijapokuwa ni dawa safi zilizopimwa na kuponya. Tazama, msomaji, namna swali lilivyobadilishwa kimya kimya. Bawabu aliyewekwa aulize, "Je, ni kweli?" sasa aliuliza, "Je, ni ya nani?" Na maswali haya mawili si ndugu. La kwanza humkinga mgonjwa. La pili humkinga mfanyabiashara, na yafaa liulizwe mahali pengine, si juu ya kichwa cha mgonjwa.

Watu 3 wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2009. Mwaka 2010 mahakama ikavisimamisha vifungu vile visitumike juu ya dawa hizo. Na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu kuwa vifungu vile, kwa namna vilivyohatarisha kupatikana kwa dawa rahisi, vyavunja haki ya uhai, ya heshima ya mwanadamu na ya afya zilizomo katika Katiba ya 2010. Hukumu hiyo yafaa isomwe na kila mtu asemaye kuwa sheria ni sheria tu. Sheria nayo hupimwa, kama dawa inavyopimwa, na kipimo chake ni hali ya yule dhaifu aliye mbele yake.

Sasa swali la pili la mama yule: "Mbona hawanipi ile iponyayo?"

Hapa twaomba radhi kwa wenye mamlaka, lakini kweli haina budi kusemwa. Ipo dawa ya vidonge iitwayo haidroksiurea, isiyoponya siko seli kabisa lakini yapunguza maumivu na vifo. Ilijaribiwa kwa watoto wapatao 600 katika nchi 4 za Afrika, na matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2018. Moja katika sehemu hizo nne ilikuwa Kilifi. Naam, Kilifi! Watoto wa pwani yetu walitoa damu yao ili ulimwengu ujue kuwa vidonge hivi vyafaa na si vya kudhuru katika nchi za malaria. Lakini mtoto wa Soweto, ambaye asili yake ni Kilifi hiyo hiyo, aliambiwa na mama yake kuwa vidonge katika zahanati waendayo leo vipo, kesho havipo, na visipokuwapo lazima vinunuliwe dukani.

Ama tiba ya kuponya kabisa, ipo pia. Mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliruhusu tiba mpya ambayo seli shina za mgonjwa hutolewa, hurekebishwa urithi wake, na kurudishwa. Kibali kimepatikana, kweli imethibitika, bawabu amesema, "Pita." Na bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2. Je, huo ni mlango uliofunguliwa? Ni mlango wazi juu ya ukuta usio na ngazi. Karibu nasi zaidi, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikizia uboho watoto wenye siko seli mwaka huo huo wa 2023. Hilo latuonyesha kuwa jambo hili si la Wazungu peke yao, na kwamba ngazi zaweza kujengwa na mikono yetu.

Kwa hivyo twasema, na hili ndilo tulilokusudia tangu mwanzo: Anayemwambia mgonjwa "ngoja" amejitia deni. Mwenye kuufunga mlango wa uongo amefanya wajibu wake wa kwanza. Wajibu wake wa pili ni kuufungua ule wa kweli, na wa kwanza haukamiliki bila wa pili. Serikali ikichoma karatasi za walaghai na kuacha rafu za zahanati tupu, walaghai watachapa karatasi nyingine, na watapata wasomaji. Mtu mwenye kiu aliyekatazwa kisima chenye sumu, asipoonyeshwa maji, ataurudia mdomo wa kisima kile usiku.

Na deni hilo si la serikali peke yake. Sisi watu wa mji tunachanga fedha nyingi kila mwaka kumpeleka mgonjwa huyu na yule ng'ambo, mara nyingine kwa tiba ambazo hatukuuliza hata mara moja kama zimepimwa. Yafaa kabla ya kuchanga tuulize mambo matatu: imepimwa kwa wagonjwa wangapi, nani aliyeikagua, na kwa nini ugonjwa mmoja na mwengine usiofanana nao zaponywa kwa sindano moja? Mwenye kukasirika kwa maswali haya amekwisha kuyajibu. Na fedha tutakazozinusuru, ziwanunulie watoto vidonge pale rafu zinapokuwa tupu. Tena vijana wetu wapime damu kabla ya kuposa, wajue kama wamebeba urithi huu. Hapana aibu katika kipimo. Aibu ni kumwachia mtoto alipe kwa maumivu lile ambalo wazee waliona haya kuliuliza.

Tulimwambia mama yule asiuze cherehani. Tulimweleza swali lake la kwanza kama tulivyolieleza hapa, naye alilifahamu upesi kuliko wasomi wengi. Akaikunja ile karatasi akaitia chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukicheza. Kisha akatutazama akingoja jawabu la swali la pili. Mtoto alikuwa amelala nyuma ya pazia, na siku hiyo hakuwa na maumivu. Hatukuwa na la kumjibu isipokuwa fedha kidogo za vidonge vya mwezi mmoja, na mwezi si jawabu.

Basi twaliandika swali lake hapa kama lilivyo, lipate kuwafikia wale ambao jawabu limo mikononi mwao. Wametuzuilia sumu, nasi twawashukuru. Sasa twawangoja na maji.